Nyumba Isiyo na Chumvi

Kwa miaka tisa mama mkwe hakuwahi kumwita mwoka mikate kwa jina, wala kwa kazi yake, wala hata kwa "wewe". Alimwita "mumeo", basi. Alimwita hivyo hata wakiwa wamekaa kochi moja, magoti yanakaribiana, na binti yake yuko jikoni. "Mwambie mumeo asogee kidogo," angepaza sauti kuelekea jikoni, na mwoka mikate angesogea kabla ujumbe haujafika kule na kurudi. Miaka tisa, jamani. Mtoto aliyezaliwa siku ya harusi yao angekuwa sasa anajua kujumlisha na kutoa.

Si kwamba mama mkwe alikuwa mtu mbaya. Alikuwa karani mstaafu wa posta, mwanamke wa muhuri na wino, na moyoni alikuwa amemwekea binti yake mume wa ofisini, mwenye meza yake na droo zake. Akaletewa mtu mwenye unga kwenye nyusi. Kumpokea alimpokea, ila hakumgongea muhuri.

Na mwoka mikate, pande la mtu lenye moyo wa mtoto mdogo, alikuwa na hamu moja tu duniani: siku moja, mara moja tu, mama mkwe amwite mwanangu. Aliwahi kulitoa jambo hilo kazini, akamwambia mkandaji, mzee mwenzake wa kukanda unga. Mkandaji alicheka mpaka akashika beseni. Akamwambia avute subira tu, kwani hata majiwe ya tanuri lao yalichukua muda kupata moto.

Basi presha ya mama mkwe ikapanda, akahamia kwa binti yake ili awe karibu na zahanati. Nesi wa zahanati, dada mmoja mchangamfu mwenye mkoba mzito, akawa anapita kila Alhamisi mchana kumpima. Siku ya kwanza aliandika karatasi ndogo ya mistari minne: punguza chumvi, kula mboga za majani na maharage, kula ndizi, kunywa maji ya kutosha. Karatasi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa karatasi kuangukia mikononi mwa binti.

Huyu binti, mke wa mwoka mikate, alikuwa fundi cherehani. Sasa wewe mwenyewe unawajua mafundi cherehani wazuri: hawaelewani na neno "kutosha". Suruali ya kutosha ni ipi? Kiuno cha kutosha ni inchi ngapi? Alikaa na ile karatasi kama anakata kitambaa cha bei, na alipomaliza, "punguza" ilikuwa imegeuka "futa kabisa", na "maji ya kutosha" yalikuwa lita nne kwa siku, hakuna mjadala. Akachukua chupa, akaifunga nyuzi nne za rangi. Uzi mwekundu, maji yawe yameshuka hapo saa tatu asubuhi. Wa njano, saa sita. Wa kijani, saa tisa. Wa bluu, jioni, na hapo chupa ikauke.

Chumvi nayo aliifuta kama mtu anayefuta deni la aibu. Iliyokuwa kwenye kopo aliimwaga. Pakiti iliyokuwa haijafunguliwa aliipeleka kwa jirani. Kopo lenyewe alilisugua, akalikausha juani, akalijaza vifungo vya mashati. Tangu siku hiyo mtu akifungua kopo la chumvi alikutana na vifungo.

Usiku huo huo wa kwanza yaliletwa mezani maharage yasiyo na kitu. Mama mkwe alionja kijiko kimoja, akakilaza kijiko taratibu kando ya sahani.

"Mwambie mumeo ana bahati," alisema. "Yeye huko kazini ana mkate wenye ladha."

Hapo ndipo mwoka mikate alipoponzwa na moyo wake. Alisimama, kijiko kikiwa bado mkononi, akala kiapo mbele ya maharage. Kuanzia leo, alisema, mpaka presha ya Mama itakaposhuka, anachokula Mama ndicho atakachokula yeye, na anachokunywa Mama ndicho atakachokunywa yeye. Chumvi haitagusa ulimi wake, si nyumbani si kazini. Mkewe alifurahi mno, akaenda kutafuta chupa ya pili, na kwa kuwa mume ni mkubwa kuliko mama, akachukua ya lita sita. Fundi ni fundi, kipimo kinafuata mwili.

Mama mkwe alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kisha akageukia jikoni. "Mwambie mumeo asije akajuta."

Lakini kesho yake ilitokea ajabu. Mwoka mikate aliporudi kutoka kazini mchana na kuitundika aproni yake nyuma ya mlango, kama ilivyo desturi yake, chafu, ngumu kwa unga mkavu, mama mkwe aliinuka, akaitoa kwenye msumari, akaenda nayo uani kwenye beseni. Akaifua. Akaianika. Jioni akaipiga pasi. Kesho kutwa yake akafanya hivyo hivyo, na siku iliyofuata tena. Mwoka mikate alikuwa akisimama dirishani anautazama mgongo wa mama mkwe umeinama juu ya beseni, machozi yanamlengalenga. Alimsimulia mkandaji kwamba mambo yameanza kuiva. Jina bado hajaitwa, ila aproni inapigwa pasi mpaka kwenye kamba zake.

Hapa inabidi nikueleze kidogo juu ya hiyo aproni, maana ndiyo yenye kesi.

Kila alfajiri, kabla ya kitu chochote, mwoka mikate alikuwa akipima chumvi ya siku nzima. Mizani ndogo, kopo la chumvi, na rundo la karatasi za khaki zilizokatwa mraba. Kila donge la unga lilikuwa na kikaratasi chake cha chumvi, kimekunjwa pande nne na ncha kuchomekwa ndani, ili wakati wa pilikapilika mtu asikurupuke kutia kwa mkono. Madonge ishirini, vikaratasi ishirini. Halafu kulikuwa na cha ishirini na moja, cha akiba. Hicho alifundishwa na bwana mkubwa aliyemfunza kazi: kikae mfukoni mwa aproni, ili donge likipita bila chumvi, usiache tanuri ukakimbilia stoo. Siku nyingi kikaratasi cha akiba hakikuguswa. Kilibaki mfukoni, kikaenda nyumbani na aproni. Na alfajiri ya pili, aproni safi, mfuko mtupu, mwoka mikate alikunja kingine. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza kile cha jana kimekwenda wapi. Mikono ilikuwa imezoea na kichwa kilikuwa mahali pengine.

Kilikuwa wapi kichwa? Kwenye chupa. Lita sita si mchezo. Mbele ya tanuri mtu anatoka jasho kana kwamba anakamuliwa, na shati lake likikauka linabaki na mistari myeupe mgongoni, chumvi tupu ya mwili. Zamani mwoka mikate alikuwa akiirudisha bila kujua. Saa mbili asubuhi alikata ncha ya mkate wa kwanza akala. Kila donge alilichovya kidole akaonja. Mchana alikula sahani ya maharage yenye chumvi yake. Sasa mkate hali, donge haonji, maharage ni yale ya nyumbani ndani ya bakuli lenye mfuniko. Chumvi inatoka kwa jasho, maji matupu yanaingia kwa chupa. Mkandaji alimtahadharisha kwamba donge halionjwi kwa macho. Akamjibu kwamba kiapo ni kiapo.

Wiki ya kwanza akaanza kubanwa na misuli ya miguu. Wiki ya pili kichwa kikawa kinamgonga, na pete ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni hata kwa sabuni. Alipomwambia mkewe kwamba kichwa kinauma, mkewe aliitazama chupa, akaona maji bado yako juu ya uzi wa kijani na saa tisa imeshapita, akasema si unaona. Akanywa. Kichwa kikauma zaidi. Akanywa tena.

Mama mkwe, kwa upande wake, alikuwa mwanafunzi bora. Chupa yake ilishuka uzi kwa uzi, kwa dakika, kama saa ya posta. Binti yake alikuwa akiiinua chupa ile tupu jioni na kumwonyesha mumewe, kwamba mtazame Mama, mtu mzima, wala hanung'uniki. Kitu pekee kilichokuwa hakiendi vizuri upande ule wa nyumba kilikuwa ua la kopo lililokaa kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe. Majani yalikuwa ya njano na shina limelegea. Fundi cherehani alilihurumia, akaona bila shaka lina kiu, akawa analiongezea vikombe viwili kila asubuhi.

Alhamisi ya kwanza nesi alipima presha, haikushuka. Akasema bado mapema. Alhamisi ya pili haikushuka. Alhamisi ya tatu ilikuwa imepanda, na nesi akakunja uso, akauliza kwa upole kama kweli chumvi imepunguzwa. Fundi cherehani aliona kama ametukanwa. Imepunguzwa? Imefutwa! Akamfungulia kopo nesi wa watu, akamwonyesha vifungo.

Nesi alipoondoka, fundi cherehani aliipekua nyumba kama anatafuta sindano iliyoanguka. Na uani, kando ya beseni la kufulia, alikuta punje nyeupe. Akazigusa kwa kidole, akazitia ulimini. Akarudi ndani uso umebadilika, akasimama mbele ya mumewe.

Kesi yenyewe haikuchukua dakika kumi. Nani katika nyumba hii anashika chumvi kila siku? Yeye. Nani anatoka na kuingia? Yeye. Nani amekuwa akilalamika kichwa, mara miguu, kama mtu anayetafuta kisingizio? Mwoka mikate aliapa kwa kila alichoweza kuapia. Mkewe akaenda kuichukua aproni kwenye kamba, akaingiza mkono mfukoni. Safi, tupu, inanukia sabuni. Hata hilo halikumsaidia. Aliambiwa mtu mjanja haachi ushahidi mfukoni.

Mwoka mikate akamgeukia mama mkwe. Yeye pekee, alidhani, ndiye angeweza kumtetea. Si ndiye anayeifua aproni kila siku, si anajua mfuko ulivyo? Mama mkwe alikuwa anatazama dari.

"Mwambie mumeo," alisema kwa sauti ndogo, "nyumba hii ina mgonjwa."

Hilo lilimwingia. Maneno ya mkewe alikuwa ameyazoea, yanakuja na kupita. Ila haya yalimkaa kifuani. Wiki tatu za maharage chapwa, wiki tatu za kubanwa miguu, halafu yeye ndiye aonekane anamuua mama wa watu taratibu. Alikwenda kukaa kizingitini peke yake, na pale pale akaamua: hatatoa nafasi hata ya shaka. Mkate wa kazini hataugusa hata kwa kunusa. Na maji, badala ya chupa moja, mbili. Watajionea wenyewe nani mkweli.

Basi akaenda nazo chupa zake mbili kazini kama mtu anayekwenda safari ya jangwani. Jumanne donge zima lilipita bila chumvi. Hakulionja, kiapo ni kiapo, na mikate ikatoka imepauka, teketeke, haina ladha. Wateja waliirudisha. Mmoja aliuliza kama ni mikate au magodoro. Jumatano alihesabu vibati vya kuokea mara tatu, akapata hesabu tatu. Alhamisi, kabla hata ya saa sita, mkandaji alimkuta amesimama mbele ya tanuri anatabasamu peke yake, akamvua aproni kwa nguvu, akamwekea begani, akamshikisha chupa zake na kumwambia aende nyumbani, kazi iliyobaki ataimaliza yeye.

Aliyoyafanya baada ya hapo mengine aliyaona mwenyewe kwa ukungu, mengine alisimuliwa. Aliingia ndani akakuta nesi ndiyo kwanza anafungua mkoba, mama mkwe amekunja mkono wa gauni, mkewe ameketi kwenye cherehani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akachukua mto, akaugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Mwoka mikate hupima hivyo mkate: ukigonga chini ukasikia sauti ya uwazi, umeiva.

"Bado huu," alisema. "Urudisheni ndani."

Mkewe alicheka. Alicheka kwanza, akidhani anataniwa. Kisha mumewe akachukua mto wa pili, akaugonga, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema moto wa leo si moto, na miguu ikamwisha nguvu akakaa chini sakafuni, mto kifuani.

Hapo kicheko kilikatika. Fundi cherehani aliruka, akakamata jagi. "Maji! Hajanywa maji!"

"Weka hilo jagi chini," nesi alisema, na hakusema kwa upole.

Alipiga magoti kando ya mwoka mikate, akamshika mkono, akaitazama pete iliyozama kidoleni, akaiangalia shingo na shati lenye mistari myeupe. Akauliza amekunywa maji kiasi gani leo. Mkewe, kwa fahari ambayo ilianza kuyeyuka hapo hapo mdomoni, alizitazama chupa alizorudi nazo, akataja: lita sita za kwanza, na za pili nusu. Na chumvi? Wiki nne hajaigusa. Na kazi yake ni tanuri? Ndiyo, tanuri. Nesi alifumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu mpaka tano. Akaeleza kwa haraka huku anampima. Mwili unahitaji chumvi kiasi ndani ya damu, na huyu ameitoa yote kwa jasho na iliyobaki akaizimua kwa maji matupu. Ndiyo maana anavimba, ndiyo maana misuli inambana na akili inapotea. Tone moja zaidi la maji matupu halifai. Yeye anapiga simu gari la zahanati lije. Wakati huo, maadamu bado anameza vizuri, apewe mchuzi wa maharage kikombe kimoja, uwe na chumvi.

"Leteni chumvi," alisema.

Fundi cherehani alisimama mkono mdomoni. Akalifungua lile kopo, kwa sababu mikono haikujua pengine pa kwenda, akaviona vifungo, akaanza kulia. Hakuna chumvi, alisema, nyumba hii haina chumvi, nimeifuta mwenyewe. Akaanza kutafuta viatu akimbilie dukani, kiatu kimoja kiko mguuni, cha pili hakionekani, na mumewe pale chini anambembeleza mto uive.

Mama mkwe akasimama.

Aliingia chumbani kwake. Alipotoka alikuwa ameshika bati dogo la bapa, lile la wino wa mihuri, aliloondoka nalo posta siku ya kustaafu. Akaliweka juu ya cherehani, akalifungua. Ndani, badala ya wino, kulikuwa na vikaratasi vya khaki, vimepangwa safu kama stempu. Kumi na kitu. Vimekunjwa pande nne, ncha zimechomekwa ndani.

Fundi cherehani alivitazama vile vikaratasi. Alikuwa ameviona tangu yuko mchumba. Kulikuwa na mkono mmoja tu duniani unaokunja hivyo. Akageuka kumtazama mumewe pale sakafuni, na usoni ilikuwa inaanza kurudi ile kesi ya uani.

"Usimtazame hivyo," mama mkwe alisema. "Yeye hajui lolote. Vinabaki mfukoni mwa aproni, mimi navitoa ninapofua. Mwizi ni mimi. Na maji nilikuwa namwagia ua."

Alisema hivyo akiwa amenyooka, mikono mbele, kana kwamba yuko mbele ya mkuu wa posta. Alifungua kikaratasi kimoja, akachota kile alichoambiwa na nesi, akakoroga mwenyewe mchuzi kwenye kikombe, akaja akakaa sakafuni, yeye na goti lake bovu, mbele ya mkwewe.

"Wewe," alisema. "Kunywa."

Mwoka mikate aliusikia ule "wewe" kutoka mbali sana. Akanywa. Maharage hayakuwahi kuwa matamu namna ile tangu aumbwe.

Zahanati walimpima damu, wakamlaza siku mbili, wakamrudisha nyumbani akili ikiwa mahali pake na pete inatoka kidoleni kwa kuvuta tu. Nesi alikuja naye, akawakalisha wote watatu mezani, akawapa somo lao wakiwa wamekaa kama watoto waliochelewa shule. Chumvi si sumu wala si uchawi, alisema. Mama ana presha na umri, basi yeye apikiwe kwa chumvi kidogo sana, iliyopimwa, si sifuri na si bati la wizi. Chakula kikimshinda kwa kukosa ladha, limau lipo, tangawizi ipo, kitunguu kipo. Maharage, mboga za majani na ndizi vina madini yanayosaidia presha kutulia, ndiyo maana aliviandika. Hakuviandika kwa kujaza karatasi. Huyu wa tanuri ana jasho la watu watatu, kwa hiyo anahitaji chumvi yake na mkate wake wa asubuhi. Na maji, kila mtu anywe akisikia kiu, na wa tanuri aongeze kwa kadiri ya jasho, si kwa kadiri ya uzi. Mwili mmoja si kipimo cha mwili mwingine, alimwambia fundi cherehani, na yeye wa kupima watu kila siku alipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Fundi cherehani alizifungua nyuzi zote, akazizungusha kwenye kidole, akazirudisha kwenye sanduku la cherehani bila kumtazama mtu. Jioni alimwomba mumewe radhi, kwa machozi na kwa ndizi tatu. Vifungo vilitolewa kwenye kopo. Ua la dirishani, lilipoachwa wiki nzima bila kunyweshwa na yeyote, likatoa jani jipya.

Kwa hiyo yaliisha? Hayakuisha. Mwoka mikate alikuwa amesamehe kesi ya uani, alikuwa amesamehe lita sita, ila kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimchoma na hakumwambia mtu, hata mkandaji. Ile aproni. Wiki nne amesimama dirishani macho yamemjaa machozi, anautazama mgongo ule umeinama, anajiambia mwishowe nimependwa. Kumbe kilichokuwa kinapendwa ni kilichomo mfukoni. Aliona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo. Miguu ilikuwa imeacha kumbana, lakini hili lilikuwa bado linabana.

Siku aliyorudi kazini alikula ncha mbili za mkate, akaonja kila donge, na mkandaji akapiga makofi. Vikaratasi alikunja ishirini, na cha ishirini na moja akakiacha rafu ya juu kazini, ndani ya kikombe, ambako hakitamtia mtu majaribuni. Mchana akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mama mkwe kwenye kochi na miwani yake na gazeti.

Mwoka mikate alivua aproni, lakini hakuitundika. Aliona bora aimalize mwenyewe, asimtie mtu mzima katika hali ya kujifanya. Akaivuta mifuko yote miwili nje, ikaning'inia kama masikio, ili ionekane wazi haina kitu, akaanza kuelekea uani kwenye beseni.

"Unaipeleka wapi?"

Alisimama. Alitazama jikoni, kwa mazoea, kuona nani anaambiwa. Jikoni hakukuwa na mtu. Mkewe pale cherehani alikuwa ameacha kukanyaga.

"Naenda kuifua, Mama," alisema. "Mfukoni hamna kitu leo. Na hamtakuwa na kitu tena."

Mama mkwe alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya gazeti. Akainuka na goti lake bovu, akaja mpaka pale mlangoni, akairudisha ile mifuko ndani mmoja baada ya mwingine, taratibu, akainyoosha kwa kiganja.

"Sijauliza mfukoni mna nini," alisema. "Lete aproni, mwanangu."

Akaichukua, akaenda nayo uani. Mwoka mikate alibaki mlangoni mikono mitupu, anasikia maji yanamiminwa kwenye beseni, na mkewe nyuma yake anauliza kwa sauti ndogo kama amesikia vizuri. Yeye alikuwa analia, na kwa kuwa alikuwa na ulimi wa kazi, alionja: chumvi ilikuwa imerudi sawasawa.